Sebule ya Bi Kijakazi

Wiki nzima kabla mama mkwe wake hajafika kutoka Lindi, Rajabu alikuwa akitoka kwenye kazi za watu jioni na kuanza kazi ya nyumbani kwake. Alipaka upya kuta za sebule kwa rangi nyeupe iliyotiwa tone la bluu, rangi aliyokuwa akiiita "hewa". Dari aliipaka nyeupe kuliko kuta, ili macho yadhani iko juu zaidi ya ilivyo. Pazia alilitundika darini kabisa, si juu kidogo ya dirisha kama wafanyavyo wengi, akaliacha lishuke mpaka chini. Kochi lilikuwa na miguu myembamba ili sakafu ionekane ikiendelea chini yake. Meza ilikuwa ya kioo ili isionekane kabisa. Na ukuta wa upande wa kichochoro ulibeba kioo kirefu cha kujitazamia, ambacho alikipata kwenye duka la nguo la Kariakoo lililokuwa linafungwa. Hicho ndicho kilikuwa fahari yake. Ukiingia ukakiona, ungeapa kwamba huko ndani kuna sebule ya pili, na watu wamekaa wanakutazama.

Sebule yenyewe ilikuwa futi kumi kwa kumi. Yeye na mkewe Zamda walipanga chumba na sebule katika nyumba ya Kiswahili kule Gerezani, nyumba ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, na gereji za watu kila upande. Rajabu alikuwa fundi rangi, lakini ukimwita fundi rangi tu alinuna kidogo. Yeye alisema kazi yake ni kuvipa pumzi vyumba vidogo. Wateja aliwaonyesha picha za sebule yake kwenye simu, na wengine walifunga safari kuja kuiona. Walisimama mlangoni, wakatikisa vichwa, wakasema, "Fundi, hapa umetuweza."

Jumatano saa kumi jioni alisikia sauti ya Zamda koridoni. Alikuwa amekwenda stendi kumpokea mama yake.

"Hodi wenyewe! Tumefika."

Bi Kijakazi aliingia akiwa ameushika mkono wa binti yake. Alikuwa mama mwembamba, mrefu, kanga zake zimefungwa vizuri licha ya safari ya kutwa. Macho yake yalikuwa wazi na maangavu, ila yalitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Presha ya macho ililimaliza la kulia mwaka juzi, na la kushoto likaondoka mwezi wa Ramadhani.

"Shikamoo, mama," alisema Rajabu.

"Marahaba, mkwe wangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Karibu ndani, jisikie uko kwako."

Rajabu alisogea pembeni kumpisha, akamkazia macho usoni. Alikuwa anasubiri kitu. Ilimchukua muda kujua anasubiri nini, na alipojua, aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Alikuwa anasubiri ule uso wanaoufanya watu wakiingia pale. Kwa wiki nzima alikuwa amehangaika na rangi na pazia kwa ajili ya mgeni asiyeona, na siku zote hizo alijua fika kwamba haoni.

Bi Kijakazi alipiga hatua mbili, ugoko ukagonga ukingo wa meza.

"Pole, mama!"

"Aa, si kitu." Akanyoosha mkono, akazunguka, kiganja kikatua juu ya kile kioo. Akakipapasa kwa vidole. "Ukuta wenu una baridi hivi? Au ndiyo friji?"

"Ni kioo, mama," alijibu Zamda.

"Ahaa, kioo." Aliuondoa mkono taratibu, kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe bila ruhusa. "Pazuri. Mashallah, pazuri sana."

*

Rajabu alikuwa mtu wa pwani na alizijua adabu za mkwe. Alitoka asubuhi na mapema ili mama awe huru, akirudi alikula chumbani peke yake, na akitaka kupita sebuleni alikohoa kwanza. Siku tatu zilipita hivyo. Akamwuliza mkewe, mama anaendeleaje? Zamda akajibu, anaendelea. Rajabu akaridhika.

Jumamosi mchana alirudi kutoka Kariakoo akiwa na ndoo zake za rangi, akasikia kelele kabla hajafika mlangoni. Koridoni watu walikuwa wamejaa. Maboksi matatu ya shokapu yalikuwa yametawanyika chini, na Benedict, mpangaji wa chumba cha mbele aliyekuwa anauza spea za magari, alisimama katikati yake akiwa ameshika kichwa. Pembeni, karibu na mlango wa uani, Bi Kijakazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kanga yake ilikuwa imelowa chai toka mapajani mpaka miguuni. Alikuwa ameinama anapapasa sakafu, anakitafuta kikombe.

"Nisameheni jamani," alikuwa akisema, akigeukia huku na huku, hajui aliyemkosea yuko upande gani. "Nisameheni. Mimi ndiye niliyekaa njiani."

"Bibi, hapana, kosa langu," alisema Benedict. "Nilibeba mzigo mbele, sikuona chini. Boksi lingemwangukia mguuni, kaka Rajabu, Mungu tu."

Bi Badria, mwenye nyumba, alikuwa mlangoni kwake amekunja mikono. Alikuwa mdogo kwa Bi Kijakazi kwa miaka kama kumi, lakini nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake, na koridoni umri wake ulihesabiwa kwa hilo.

"Umekuja, Rajabu? Afadhali. Hii ni siku ya tatu mama yenu anakaa hapo. Siku ya kwanza nikanyamaza, nikasema mgeni. Ya pili nikanyamaza. Hii ni njia, mwanangu. Watu wanapita na mafuta ya moto, na maji, na mizigo. Akivunjika mguu, nani ataulizwa? Si mimi?"

"Samahani, mama. Nilikuwa sijui."

"Hujui? Unalala humu na hujui?" Akageuza kichwa ili wote wasikie. "Na si ana sebule? Sebule yenyewe si ndiyo unaitangaza mji mzima, watu wanakuja kupiga picha? Sasa mama wa watu anakaa kwenye ndoo!"

Mtu mmoja kule nyuma alicheka, akakatisha kicheko. Rajabu aliinama akakiokota kikombe, kilikuwa karibu kabisa na kidole cha mama, akakitia mkononi mwake.

"Nawapa mpaka mwisho wa mwezi," alimaliza Bi Badria. "Akae ndani kama watu wengine, au mtafute nyumba yenye baraza."

*

Baada ya magharibi mume na mke walijifungia chumbani, wakasemezana kwa sauti ya chini. Upande wa pili wa ukuta Bi Kijakazi alikuwa anavuta uradi.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Rajabu.

"Nikuambie nini? Kila nikimrudisha ndani, nikigeuka tu ametoka. Amenikataza kukuambia. Anasema mkwe wake amejitahidi, asimvunje moyo." Zamda alifuta macho kwa pindo la kanga. "Miguu yake umeiona?"

"Nitaionaje miguu ya mama mkwe wangu, Zamda?"

"Basi mimi nimeiona. Toka magotini mpaka kwenye vifundo ni mabaka meusi matupu. Ni meza yako hiyo isiyoonekana."

Rajabu aliutazama ukuta wa sebuleni.

"Anataka nimpigie kaka yangu Ismail aje amrudishe Lindi."

"Ismail yuko Mtwara kwenye saiti ya ujenzi, anakwenda nyumbani mara moja kwa mwezi. Nani atamchotea maji? Nani atamwashia moto?"

"Nimemwambia yote hayo. Anasema bora majirani. Anasema hapa panambana." Zamda alilikunja lile pindo la kanga. "Anasema akikaa humo sebuleni anajisikia kama nguo iliyokunjwa ikatiwa sandukuni."

Maneno hayo yalimchoma Rajabu kuliko yote aliyoyasema Bi Badria. Alitaka kusema kwamba watu wanapiga foleni awafanyie chumba kama kile. Alitaka kusema kwamba hakuna sebule ya futi kumi kwa kumi Gerezani nzima iliyo kubwa kama ile. Lakini alipofungua mdomo, likamtoka swali badala ya lawama.

"Mtu asiyeona anajuaje kwamba chumba ni kidogo?"

"Mimi nitajuaje?" alisema Zamda. "Kamwulize mwenyewe."

Hakwenda kumwuliza. Alikuwa bado na kinyongo. Ila swali lilikataa kumtoka. Lilikaa naye usiku ule na Jumapili nzima, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

*

Jumatatu alikuwa na kazi kwenye ghorofa jipya Kariakoo, orofa ya sita. Chumba alichokuwa anakipaka kilikuwa kitupu, hakina hata balbu. Saa sita, baada ya kumaliza mkono wa kwanza wa rangi, alisimama katikati ya chumba, akaweka brashi chini, akafumba macho.

Mwanzoni hakupata kitu ila harufu ya rangi na moyo wake mwenyewe. Kisha akalisikia soko. Kwanza ilikuwa kelele moja tu, kama maji yanayochemka. Alipozidi kutulia ikaanza kuachana. Kulikuwa na mtu wa karibu anayeuza sumu ya panya kwa kipaza sauti. Nyuma yake, mbali kidogo, wabeba mizigo wakipiga mluzi wapishwe. Mbali zaidi honi ya basi la mwendokasi, na mbali kabisa kitu kizito kikishushwa kwenye lori. Upepo ulitoka kwenye dirisha la kushoto, ukampita shingoni, ukatokea mlangoni. Alipiga kofi moja. Sauti ikaenda, ikagonga, ikarudi. Akasogea kona, akapiga tena, ikarudi upesi zaidi. Akacheka peke yake kama mtoto. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa anavipaka vyumba, na hakuwahi kujua kwamba vinajibu.

Jioni alipofika nyumbani, Zamda alikuwa uani na mama yake. Sebule ilikuwa tupu. Rajabu alisimama mlangoni, akafumba macho, akaingia. Hatua ya pili akagonga meza. Akauma meno, akapiga kofi. Kofi lilikufa palepale, pazia na zulia na matakia vilikuwa vimelimeza. Hakuna kilichotoka mbali. Feni ilimpulizia hewa ya moto usoni kutoka juu, akigeuka inampulizia, akikaa inampulizia, wala huwezi kujua mlango uko wapi. Harufu ya rangi mpya ilikuwa imelala juu ya kila kitu. Runinga ya chumba cha jirani ilinong'ona ukutani kama mtu aliye ndani ya ukuta. Alinyoosha mkono kushoto, kitu. Kulia, kitu. Alihesabu mpaka sitini, akashindwa kuvumilia, akafumbua macho. Chumba kikaruka kikawa kikubwa, cheupe, chenye mwanga. Akakitazama kwa mara ya kwanza bila kukipenda.

*

Kesho yake alikohoa mlangoni, akaomba ruhusa, akakaa kwenye kizingiti cha kati ya chumba na sebule. Bi Kijakazi alikuwa ukingoni mwa kochi, magoti ameyabana pamoja. Zamda alikaa chini anachambua mchele.

"Mama," alisema Rajabu, "nina swali, usije ukaniona mjinga."

"Uliza, mwanangu."

"Nyumba yako ya Lindi ina ukubwa gani?"

"Ah, vyumba vitatu na ukumbi."

"Hapana, siulizi vyumba. Sasa hivi, baada ya macho... ukubwa wake unaujuaje?"

Zamda aliacha kuchambua, akamtazama mumewe kwa jicho la kumwonya. Lakini mama alikuwa anatabasamu.

"Tangu nipate maradhi haya," alisema, "wananiuliza kama nimekula, kama nimelala, kama nimemeza dawa. Hilo hakuna aliyeniuliza." Akafikiri kidogo. "Pale kwangu nikikaa ukumbini, mlango wa mbele wazi, wa nyuma wazi, upepo unaingia hapa unatokea pale. Basi najua nyumba inaanzia wapi na inaishia wapi. Nasikia kinu cha Mama Sofia nyumba ya tatu. Nasikia watoto wanatoka chuo cha Kurani. Kuku akilia uani najua ni wa kwangu au wa jirani. Kila kitu kina umbali wake. Hapa..." Akasita kwa adabu.

"Sema, mama. Nimekuomba mwenyewe."

"Hapa kila kitu kinanisemea sikioni. Hakuna kinachotoka mbali. Koridoni angalau upepo unapita. Nikikaa kwenye ile ndoo, nasikia uani huku na barabara kule, najua nipo katikati. Humu ndani sijui nipo wapi, mwanangu. Najua tu nilipogonga."

Rajabu aliinama. Kinyongo kilikuwa kimemtoka, na pahali pake palikuwa na hamu ya kujua zaidi. Akamweleza habari ya kofi, la kwenye ghorofa na la hapa. Bi Kijakazi akasikiliza kwa makini, akapiga la kwake, akainamisha kichwa.

"Kweli. Limekufa," alisema. Kisha akauliza, "Na wewe niambie. Huo ukubwa wenu wa macho ukoje? Zamda anasema watu wanakuja kushangaa."

Rajabu akamweleza kioo.

"Kwa hiyo unatazama ukutani, unaona chumba kingine."

"Ndiyo, mama."

"Na chumba hicho hakipo."

"Hakipo."

"Na mnajua hakipo."

"Tunajua."

"Na mnafurahi?"

"Tunafurahi, mama."

Bi Kijakazi alicheka mpaka akajishika mbavu, na Zamda, ambaye hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu Ramadhani, akamwaga mchele nusu.

"Nyuma ya kioo hicho kuna nini?" aliuliza mama alipotulia.

Rajabu alijikuna kidevu. "Kuna dirisha. Linatazama kichochoro na ukuta wa gereji. Halikuwa na sura, nikalipigilia ubao."

*

Siku ya Alhamisi hakwenda kazini. Zamda alirudi kutoka sokoni akakuta kochi liko chumbani limesimamishwa wima, meza iko uani, zulia limekunjwa, pazia liko chini kama mtu aliyezimia, na mumewe amekishika kioo kwa mikono miwili.

"Rajabu! Unafanya nini na sebule yangu?"

"Naifungua."

"Unaibomoa! Mama anaugulia miguu, sawa, toa meza. Toa na zulia. Lakini vyote? Jumapili kikoba chetu cha akiba kinakutana kwangu. Vicky na wenzake watakuja, watakaa wapi, juu ya rangi yako?" Machozi yalikuwa karibu. "Unajua mimi nimekulia nyumba ya kukalia vigoda. Hii ndiyo mara ya kwanza watu wakija kwangu wananiona mtu."

Rajabu alikiegemeza kioo ukutani. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameshikwa na udadisi wake wa kofi na upepo, akasahau kwamba sebule ile ilikuwa imemkuza mtu mwingine pia.

"Tujaribu siku tatu," alisema taratibu. "Ikishindikana, Jumapili asubuhi narudisha kila kitu kwa mkono wangu. Naapa."

Zamda alitazama sakafu tupu. "Siku tatu," alisema.

Ubao ulipong'oka kwa kishindo, Bi Badria akatokea mlangoni, ufunguo wa chumba chake mkononi. "Nani amekupa ruhusa ya kuvunja nyumba yangu?"

"Sivunji, mama. Ni dirisha lako lilelile, nalifungua tu."

"Vumbi la gereji litaingia. Na vibaka."

"Nondo zipo. Wavu nitaweka, na chumba chako cha mbele nitakipaka rangi unayoitaka, kazi yangu bure."

Bi Badria hakuwa mtu wa kulainika kwa rangi. Alifungua mdomo kukataa, lakini Bi Kijakazi alikuwa amekwisha inuka kutoka kwenye jamvi alilotandikiwa pembeni, na alimwendea mikono imeshuka ubavuni, bila kupapasa, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kugonga. Akasimama hatua moja mbele yake, sawasawa kabisa.

"Mama mwenye nyumba, nikuombe kitu kidogo. Fumba macho."

"Mimi?"

"Kwa dakika moja tu. Ukiona upuuzi, dirisha lipigiliwe."

Bi Badria alimtazama Rajabu, akamtazama Zamda, akaona aibu kumkatalia mtu mzima kitu kidogo vile. Akafumba. Kutoka dirishani nyundo za gereji zilisikika, moja karibu, mbili mbali, na nyuma yake mtu anaimba vibaya. Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa karibu, ukafuata wa pili, na wa tatu ukasikika kwa mbali sana, kama unatoka upande wa pili wa mji. Upepo uliingia dirishani ukapitiliza koridoni, ukalitikisa pindo la kanga ya Bi Badria.

Dakika ilipita, na nyingine ikapita. Bi Badria alikuwa bado amefumba.

"Nilikuwa nalala chumba hiki nilipokuwa mwari," alisema ghafla, kwa sauti ambayo wapangaji wake hawakuijua. "Huyo fundi anayeimba, babu yake naye alikuwa anaimba hivyohivyo." Akafumbua macho, akakunja uso upesi kama anayeokota kitu kilichomwangukia. "Wavu uwekwe leo leo. Na chumba changu nataka rangi ya maziwa. Si nyeupe, maziwa."

*

Siku tatu hazikumaliza maneno yote. Vumbi la gereji liliingia kweli, na Zamda alipangusa asubuhi na jioni huku akiguna. Mteja mmoja alikuja kuona sebule aliyoonyeshwa kwenye simu, akachungulia, akauliza kama amekosea nyumba, akaondoka akisema atapiga. Hakupiga. Rajabu aliumia, lakini usiku alilala akifikiria kama zege na ubao hujibu kofi kwa namna moja.

Jumapili asubuhi alimwuliza mkewe kama arudishe vitu. Zamda alichungulia sebuleni. Mama yake alikuwa anatembea toka dirishani mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena, haendi popote, anatembea tu kwa raha ya kutembea. "Acha," alisema Zamda.

Saa tisa wanawake wa kikoba walifika. Rajabu alikuwa uani anaosha brashi, na kupitia mlango wa uani uliokuwa wazi aliwaona wakisimama kizingitini. Vicky, aliyekuwa na duka la vipodozi Kariakoo, alitupa macho kwenye jamvi moja na kuta tupu.

"Shoga, vipi?" aliuliza kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Mmehama? Au mmepatwa na jambo? Ungesema tungekuchangia."

Zamda aliinama akalinyoosha jamvi. Mwanamke mwingine aliangalia chini, wa tatu akajifanya anatafuta simu kwenye mkoba. Rajabu aliiacha brashi ndani ya maji. Alijua kwamba aibu ile ni yeye aliyeitengeneza, kwa mikono yake.

"Nani hao, Zamda? Wageni?" Bi Kijakazi aliinuka. Alivuka chumba kwa hatua sita, akafika mlangoni, akanyoosha mkono mahali hasa ambapo Vicky alikuwa amesimama. "Karibuni wanangu, karibuni. Vueni viatu mwingie. Mimi ndiye mama yake."

"Shikamoo, mama," wakasema wote, mmoja mmoja.

"Marahaba, marahaba. Kaeni palipo na upepo, upande huu." Akawapita, akaenda kwenye kona ambako chupa ya chai na vikombe vilikuwa juu ya sinia, akapiga goti. Zamda aliruka amsaidie. Mama akamzuia kwa kiganja. Alikitia kidole ukingoni mwa kikombe, akamimina mpaka chai ilipogusa kidole, akasimamisha. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Hakuna tone lililoanguka. Akavipeleka kimoja kimoja, akiifuata sauti ya kila mmoja, akiwauliza majina na kwao ni wapi. Vicky akasema kwao Masasi. Bi Kijakazi akafurahi, akamtajia watu wa Masasi aliowajua, na wawili kati yao Vicky aliwajua. Baada ya nusu saa hakuna aliyeuliza tena habari za kochi. Walikuwa wamenyoosha miguu na kujiegemeza ukutani, wanacheka, na Vicky alikuwa amelala ubavu kabisa kama yuko kwa mama yake.

Zamda alitoka uani kuchukua maji. Alipompita Rajabu alisimama kidogo.

"Hajamkaribisha mtu nyumbani tangu apofuke," alisema. "Hata kwake mwenyewe. Watu walikuwa wanamkaribisha yeye."

*

Wageni walipoondoka, Bi Kijakazi hakurudi kukaa. Alipiga magoti kwenye kona, akauweka mkono wake chini, kiwiko mpaka ncha ya kidole, akausogeza mbele, akauweka tena. Alikwenda hivyo ukuta mzima, midomo ikimchezacheza, kisha akageuka akapima ukuta wa pili. Rajabu na Zamda walisimama mlangoni wanamtazama.

"Zamda," alisema mwishowe, akijipangusa magoti, "mpigie Ismail."

Uso wa Zamda ulianguka. "Mama, si umesema pana nafuu? Kwa nini tena akuchukue?"

"Nani kasema anichukue? Mwambie anitumie ukindu wangu wa kusukia mikeka. Uko chini ya kitanda changu, mafungu mawili, na rangi zake kwenye kopo. Huyu Vicky anataka mkeka wa harusi ya mdogo wake."

"Mkeka?" Zamda alimtazama mama yake, kisha mumewe. "Mama, utasukaje bila macho?"

"Kwani siku zote nilikuwa nasuka kwa macho?" Bi Kijakazi alikunjua vidole vyake vyote kumi, akavipeperusha hewani kama anavionyesha. "Niliacha kwa kuwa nilidhani nimekwisha. Nyote mlidhani hivyo." Akageukia upande ambao mkwe wake alikuwa amesimama, na hakukosea. "Humu unaenea mkeka mkubwa, mwanangu. Hata nikiukunjua wote, pembeni panabaki njia ya mtu kupita."